Steam Deck, ROG Ally na Legion Go: nimezipima kwenye treni na kwenye jua la Dodoma

Hizi tatu ni kompyuta za magemu za kushika mkononi: Steam Deck ni ya Valve, ROG Ally ya ASUS, Legion Go ya Lenovo. Steam Deck yangu niliinunua mtumba Dar, nikaambiwa ni ile yenye diski ya GB 512. Nilipigwa, na sikujua mpaka nilipotoka nayo barazani Nkuhungu saa nane mchana. Katika toleo la kwanza la mwaka 2022, ya GB 512 peke yake ndiyo ilikuwa na kioo kilichokwanguliwa juu kisirudishe mwanga. Changu ungeweza kunyolea ndevu. Kufungua setingi, nakuta GB 64, tena za eMMC, ile memori ya polepole ya vitu vya bei rahisi. Kumpigia muuzaji, simu inaita tu.

Basi nikaipeleka kwa fundi wa simu Majengo, hajawahi kuiona maishani. Skrubu nane nyuma, kisha ngao ya chuma, kisha diski. Imo kwenye tundu la kawaida la M.2, saizi ya 2230, yaani milimita 22 kwa 30. Inalala ndani ya kiberiti. Tulipachika ya TB 1, tukapakia mfumo upya kwa flashi, kazi ikaisha. Angalizo moja: toa memori kadi kabla ya kufungua mgongo, usipotoa inakatika vipande viwili. Ally nayo hutumia 2230, Legion Go hutumia 2242 iliyo ndefu kidogo.

Shemeji yangu ana ROG Ally ya mwaka 2023, na ubishi wetu ulianzia kwenye makaratasi. Yangu ina prosesa ya viini vinne vya kizazi cha Zen 2 na vitengo 8 vya picha vya kizazi cha RDNA 2. Yake, yenye prosesa ya Z1 Extreme, ina viini vinane vya Zen 4 na vitengo 12 vya RDNA 3. Kwa teraflopi zinazotangazwa, yaani kipimo cha nguvu ya kukokotoa picha, ni 1.6 kwa 8.6. Shemeji alikuwa anatembea na hiyo tarakimu kama kitambulisho. Lakini tulipoweka gemu moja, setingi moja, hata mara mbili haikufika.

Sababu ninayoiona mimi iko kwenye memori ya kazi, RAM, siyo diski. Kwenye mashine hizi prosesa na picha vinakula chungu kimoja. Ya Deck inapitisha kama GB 88 kwa sekunde, ya Ally GB 102. Umeongeza wapishi jikoni, mlango wa stoo umebaki karibu uleule. Halafu kuna wati. Ally inang'aa kweli ukiipa wati 25 za hali ya tabo (Turbo, ya nguvu nyingi), au 30 ikiwa kwenye umeme. Ukiibana hadi 15, ambayo ndiyo kilele cha Deck, tofauti inapungua sana, na ukishuka chini ya 10, Deck ndiyo inayokwenda vizuri zaidi. Imetengenezwa kwa ajili ya njaa.

Tulikwenda kuthibitisha kwenye SGR. Dodoma hadi Dar ni zaidi ya saa tatu, na betri zote mbili ni za wati-saa 40, kwa hiyo hakuna wa kusingizia. Tukakubaliana hakuna kugusa chaji, wote tunacheza Forza Horizon 5, gemu la magari. Shemeji akaweka tabo, kioo chake cha pikseli 1920 kwa 1080, hetsi 120 (kinajichora upya hadi mara 120 kwa sekunde), mwanga wote. Kusema haki picha ilikuwa tamu. Ana kitu ambacho Deck yangu haina: kioo kinachofuata kasi ya fremu zenyewe, zikishuka huoni kukwamakwama. Abiria wa siti ya pili alikuwa anaangalia kwake, siyo kwangu. Tunakaribia Kilosa, ikazima. Mimi nilikuwa nimefunga fremu 40 kwa sekunde na kushusha mwanga. Ilinivusha Morogoro ndipo ikakata. Hesabu yake haihitaji mtaalamu: mashine nzima ikila wati 38, wati-saa 40 ni saa moja na dakika chache; ikila 16, ni saa mbili na nusu.

Ndiyo maana Ally X ya mwaka 2024 ilikuja na betri ya wati-saa 80 na RAM ya GB 24. Prosesa waliiacha ileile.

Legion Go niliishika wiki mbili, ya kijana wa jirani. Kwa maandishi inatisha: kioo cha inchi 8.8, 2560 kwa 1600, hetsi 144. Sasa piga hesabu, hizo ni pikseli mara nne kamili ya 1280 kwa 800 za Deck, na prosesa ni ileile Z1 Extreme ya Ally. Magemu mazito haiyawezi kwa pikseli zote hizo. Uzuri wa mara nne kamili ni kwamba ukiishusha hadi 1280 kwa 800, picha haichafuki, kila pikseli inakuwa mraba wa nne. Padi zake zinachomoka kama za Nintendo Switch, unaisimamisha mezani. Mezani ndiyo kwao, kwa sababu ni gramu 854. Ally ni 608, Deck yangu 669. Kitandani Legion Go ikikudondokea usoni utaikumbuka.

Joto sasa. Valve wameandika kwamba Deck ifanye kazi kati ya nyuzi 0 na 35. Chumba cha bati bila dari, mwezi wa kumi hapa kwetu, 35 si jambo la kutafuta. Mimi nacheza usiku, dirisha wazi, na kila mwezi nafungua mgongo kupuliza vumbi la feni. Kwa Ally, ASUS walikiri mwaka 2023 kwamba joto linaweza kuvuruga kisomeo cha memori kadi, kwa hiyo nilimshauri shemeji magemu ayaweke kwenye diski.

Umeme ukikatika, Deck inashiba kwa chaja ya wati 45, kwa hiyo tafuta pawabenki inayotoa hizo. Zile za simu zinachelewesha tu anguko. Na nikibonyeza kitufe cha juu inalala palepale, kesho naendelea kwenye kona ileile. Windows ya Ally haina usingizi mzuri namna hiyo.

Ila nina jeraha moja. Gemu la mpira la EA Sports FC 25 halichezeki kwenye SteamOS, mfumo wa Deck uliojengwa juu ya Linux; kinga yake dhidi ya wadanganyifu inaikataa Linux. Dodoma hii, mtu ana mashine ya magemu na hana mpira! Ningekuwa nanunua leo ningechukua Deck ya OLED, betri wati-saa 50 na gramu 640, na hilo la mpira ningelimeza tena.

Ijumaa iliyopita shemeji alikuwa anakwenda Dar. Alipita nyumbani, akaazima Deck, akaniachia Ally yake na chaja. Wikiendi nzima nilicheza mpira nikiwa nimechomeka ukutani.