Modeli ya kwanza ya gari la spoti: kabla hujalipa, tazama kioo

Modeli yangu ya kwanza, gari dogo la plastiki la kuunga mwenyewe kutoka kwenye boksi, niliiua mwenyewe usiku. Wiki tatu za msasa na kupuliza rangi, kisha nikabandika kioo cha mbele kwa supagluu, ile tunayobandikia soli za viatu. Nikalifunika gari kwa bakuli lisipate vumbi, nikalala. Asubuhi kioo ni cheupe, kama mtu amekipulizia unga. Mvuke wa gundi ile hutua kwenye plastiki angavu na kuacha ukungu, na mimi kwa bakuli langu nikawa nimeufungia humo humo.

Ndiyo maana nikiulizwa "dada, nianze na boksi gani?" siulizi unapenda gari gani. Nauliza kama umekiona kioo. Rangi ikiharibika unaiosha na kuanza upya, bampa likivunjika linaungwa. Kioo kikichunika, basi, na macho ya kila mgeni yanaanzia hapo. Fremu ya vioo, yaani kile kijiti cha plastiki ambacho vipande vinakuja vimeshikana nacho, iwe kwenye mfuko wake wa peke yake. Ikichanganywa na fremu nyingine, zinasuguana njia nzima na unapokea mikwaruzo iliyolipiwa ushuru. Kubandika, tumia gundi nyeupe ya maji, ya watoto wa shule, kwa ncha ya kijiti cha meno. Ikikauka haionekani.

Sifichi, mimi ni mtu wa Tamiya, watengenezaji wa modeli, Wajapani wa Shizuoka. Nafasi ya kwanza naipa Mazda MX-5 yao ya 1/24, yaani urefu wa gari halisi umegawanywa kwa 24. Gari halisi halifiki mita nne, kwa hiyo mezani unapata sentimita 16 na kidogo. Na ni gari la wazi! Vioo vichache, mashaka machache. Ubaya wake ni kwamba viti na dashibodi viko nje vinaonekana, kwa hiyo huko usilipue.

Ya pili, Toyota GR 86, Tamiya tena. Hapa vioo ni vingi, lakini kuna karatasi ya kuzibia unayoikata kwa wembe mpya ili upake ule ukingo mweusi unaozunguka kioo. Paka kwa ndani, kabla hujabandika. Wanaoanza wengi wanauruka ukingo huo halafu wanashangaa gari linafanana na la kuchezea. Baada ya hapo chukua rangi nyeusi ya mafuta iliyozimuliwa, gusisha tone moja kwenye mfereji wa mlango uone linavyokimbia lenyewe. Futa ziada kwa pamba ya masikio. Bodi iwe imekauka kabisa.

Ya tatu ni ya moyo kuliko ya akili: Datsun 240Z ya Hasegawa, Wajapani wengine wa modeli, ile iliyoshinda Safari Rally ya 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, enzi mbio zinapita Kenya, Uganda na Tanzania. Nyekundu, boneti jeusi. Stika za maji, zile unazolowesha ndipo ubandike, ni nyingi mno kwa mkono mgeni. Inunue, iweke kabatini, ifungue ukishamaliza mbili.

Za bei nafuu? Aoshima wana za 1/32 za kubana bila gundi, plastiki tayari ina rangi. Zinafaa kwa mtoto. Revell huandika kiwango cha ugumu kwenye boksi, anza na cha chini.

Sasa wauzaji wetu. Makopo ya rangi ya kupuliza hayapandi ndege kwenye vifurushi vya kawaida, hilo naelewa. Ila ndiyo iwe sababu ya kuniuzia kopo moja kwa bei inayokaribia boksi zima? Siku hizi naenda gereji ya rangi mtaani, napuliza praima, ile rangi ya msingi, kwanza kisha rangi yao kwa safu nyembamba nyembamba, maana ikipigwa nzito inakula plastiki.

Muuzaji mmoja nilimwomba anitumie picha ya vioo vikiwa vimeinuliwa kwenye mwanga. Akatuma picha ya boksi. Nikamwambia, kaka, vioo, vilivyomo ndani. Akatuma picha ya boksi upande wa nyuma.