Reki ya nondo ya kuvutia magugu maji: nzuri, ila mchunge fundi

Kikundi cha kujitolea kikichanga pesa za kusafisha ghuba, kitu cha kwanza kununuliwa huwa ni reki za dukani, zile za bustani zenye meno membamba na kichwa kilichoshikwa kwa msumari mmoja. Hazimalizi asubuhi. Gugu maji ni maji matupu, zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za uzito wake, na mita moja ya mraba ya mkeka uliosongamana inaweza kubeba kilo 30 hadi 40. Vuta mzigo huo kwa reki ya majani makavu uone: kichwa kinabaki ziwani, nawe unabaki na mpini.

Reki tunayoipima hapa haina nembo. Ni ile inayochomelewa kwa nondo na mafundi wa Katwe jijini Kampala, au na fundi yeyote mwenye mashine ya weldi karibu na mwalo wenu. Kwa ghuba ndogo za Ziwa Victoria, upande huu wetu wa Uganda, hakuna zana ya mkono inayoifikia, mradi imetengenezwa sawasawa. Shida ni hapo kwenye sawasawa.

Kichwa kiwe nondo ya milimita 12, urefu sentimita 60. Meno yawe 8, ya nondo ya milimita 10, kila moja likatwe sentimita 20 na kupindwa kidogo kuelekea kwa anayevuta. Hapo pengo kati ya jino na jino linakuja kama sentimita 8 na nusu. Fundi atapendekeza meno 12 ili reki ionekane imejaa. Mkatalieni. Mizizi ya gugu ni kama manyoya meusi yaliyolowa. Meno yakibanana inajisokota humo, na kila mvuto mmoja unafuatwa na dakika mbili za kuchambua kwa vidole. Nondo peke yake ina uzito wa kilo 1 na nusu hivi. Ukiongeza kipande cha bomba cha kupokea mpini, yote ifike kilo 2. Ikizidi 3 ujue nondo nene zimetumika, na atakayelipa ni bega la mvutaji.

Bomba hilo liwe la inchi 1 na nusu, jeusi, lisiwe lile lililopakwa zinki, kwa sababu zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaompa fundi homa jioni yake. Litobolewe tundu la bolti. Msumari hulegea, bolti yenye nati haitoki. Mpini wa mkaratusi, ule Waganda wanaouita kalitunsi, urefu mita 2 na nusu, uwe umekauka kweli. Mti mbichi ukikauka hunywea, na kichwa kinaanza kucheza ndani ya wiki chache.

Sasa weldi, maana ndipo reki nyingi zinapofia. Jino halivunjiki katikati, linang'oka kwenye shina. Mara nyingi limechomelewa upande mmoja tu, juu ya kutu ambayo haikusuguliwa, kwa vijiti vya kuchomelea vilivyonyonya unyevu. Lakini kosa baya zaidi ni la kuchovya kichwa kwenye ndoo ya maji ili kipoe haraka mteja aondoke nacho. Nondo ikipozwa ghafla pale ilipochomelewa inakuwa ngumu kama kigae, na kama kigae inakatika. Iachwe ipoe yenyewe. Kuipima ni rahisi: weka reki chini, gonga kila jino kwa nyundo kwa upande. Jino zima litapinda kidogo. Jino bovu litadondoka, na ukitazama palipoachana utaona weusi badala ya chuma kinachong'aa.

Ipo pia aina ya kurusha: kichwa kifupi cha sentimita 30, meno pande zote mbili, hakina mpini bali kamba ya mita 10. Inafaa pale maji yanapozidi kiuno, au mnapofanya kazi kutoka kwenye mtumbwi. Kamba iwe ya plastiki inayoelea. Ya katani huoza, na ya nailoni huzama na kunasa kwenye mafunjo. Mrushaji awe peke yake upande wake wa mtumbwi. Hatuhitaji kueleza sababu, meno ni 8.

Reki njema ikitumiwa saa mbaya ni jasho la bure. Usiku upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo alfajiri mkeka huwa umelegea. Mchana upepo wa ziwa unarudi na kuyabana magugu yote ufukweni. Anzeni saa 12 na nusu asubuhi, maliza kabla ya saa 4. Kuna sababu ya pili: viluwiluwi vya kichocho hutoka kwa konokono wengi zaidi jua likiwa kali. Ingieni kwenye mkeka kutoka ukingo wa nje, upande wa maji wazi, mkate vipande vya mita 2 kwa 2, mkivisukuma nchi kavu. Nyuma yenu tandazeni kamba yenye jerikeni tupu za lita 5 zilizofungwa vizuri, moja kila mita 2, ili vilivyokatika visiponyoke. Na mtu mmoja apite na wavu wa mkono, kwani reki hukata vikonyo na kuacha miche midogo ikielea. Katika hali nzuri gugu hili hujizidisha maradufu kwa wiki mbili hivi. Kikundi kinachoacha makombo kinapanda upya.

Msimalize yote. Tazameni majani: yenye vidoa vya mviringo vilivyopauka yameliwa na fukusi wa magugu maji, wadudu walioachiliwa ziwani mwaka 1995 na ambao mchango wao ulionekana mkeka ulipoporomoka karibu na 1998. Wanafanya kazi bila posho wala chai. Acheni kona moja yenye magugu hayo, na mengine myahamishie kwenye mkeka ambao bado ni kijani kitupu.

Reki hii haifai kwa mafunjo, na hapo tunaipunguzia alama kwa sababu inayang'oa kirahisi mno. Kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu na kingo za maziwa zinalinda mita 200 kutoka ufukwe wa Ziwa Victoria, na mafunjo yenyewe ndiyo yanayochuja uchafu kabla haujafika ghubani. Haifai pia kwa visiwa vinavyoelea, vile vyenye udongo na miti. Kisiwa cha namna hiyo kilikwenda kukwama kwenye bwawa la Nalubaale, Jinja, tarehe 14 Aprili 2020, na nchi nzima ikakosa umeme. Hiyo ni kazi ya mashine.

Suala la mahali pa kutupa watu hulipuuza. Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likavuka rekodi ya 13.41 ya mwaka 1964. Lundo la magugu lililowekwa hatua tano kutoka majini hurudi ziwani siku maji yakipanda. Pelekeni juu ya alama ya juu kabisa ambayo maji yamewahi kufika, lundo lisizidi mita 1 kwenda juu, ligeuzwe baada ya siku nne au tano. Mboji yake ni nzuri kwa miti na migomba, lakini kama ghuba inapokea mifereji ya jiji, kama ghuba ya Murchison ya ndani inavyopokea mfereji wa Nakivubo wa Kampala, msiipeleke kwenye mboga. Gugu hufyonza metali nzito. Lililotoa maua lisikaribie bwawa la samaki la mtu, mbegu zake hudumu miaka mingi udongoni.

Gambuti ni za ufukweni tu. Ukianguka nazo kwenye maji marefu zinajaa na kukuvuta chini, hivyo mtumbwini vaeni viatu vyepesi na jaketi okozi. Glavu nene za mpira, ndiyo. Za kitambaa, hapana.

Kwa watu 10 zinatosha reki 3 za mpini, 2 za kurusha, turubai 2 za kuburutia mzigo na wavu mmoja. Alama zetu ni 8 kati ya 10. Agizeni moja kwanza, igongwe nyundo mbele ya fundi, ndipo mlipie zilizobaki.