Gereji ya AC hapa Mtwara: Mark II yangu GX81 sasa inapoa

Jamani kama una gari la zamani na AC imekufa, kuna mafundi wako njia ya kwenda Mikindani wanajua kazi, mi nawapa nne kati ya tano.

Kilichonifurahisha hawakukimbilia kujaza gesi, maana mafundi wengi ndo zao, wanajaza baada ya wiki imevuja yote. Hawa walipiga nitrojeni kwanza na povu la sabuni wakakuta kondensa, ile kama rejeta ya AC, imeliwa na chumvi, huku pwani hiyo kawaida tu, na oringi, zile raba za kuziba maungio, zimekauka kama maganda ya korosho.

Gari hizi zilikuja na gesi ya R12, ile iliyobanwa na mkataba wa Montreal wa 1987 kisa tabaka la ozoni, kwa hiyo inabidi uhamie R134a na hapo ndo pana mtego: oili ya zamani haichanganyiki na gesi mpya, kompresa itakosa oili ijifie. Walisafisha mfumo wakamwaga oili yote, wakafunga draya mpya ya kunyonya unyevu na oringi za kijani, wakavuta vakyumu, yaani kutoa hewa yote, wakaacha geji waone kama inapanda, maana ikipanda bado kunavuja, ndo wakajaza, tena pungufu kidogo kuliko kipimo cha R12.

Ikiwa sailensa, yaani umesimama injini inaunguruma tu, juani haipoi sana, ukitembea ni raha tupu.

Nyota moja nimekata kwa kusubiri kondensa kutoka Dar, ahadi za kesho kesho zikawa nyingi mno. Na simu hawapokei, nenda asubuhi mwenyewe.