Bagamoyo au Dar: kwa mtu wa Mbeya anayetaka kuona dansi ya jukwaani

Wadau wa Mbeya, ukisikia msimu wa maonesho umefika, mara nyingi ni kabla mvua hazijakolea, swali ni uende wapi, coz Dar peke yake ni kilomita 800 na ushee na nauli sio mchezo. Bagamoyo kuna tamasha la TaSUBa, kile chuo cha sanaa na utamaduni cha pale, lipo tangu miaka ya 80, na pale unapata ngoma za asili, sarakasi, tamthilia, kila kitu, watu wanashangilia mpaka koo linakauka, hata mtoto unaenda naye. Ila dansi ya kisasa ni kipande tu cha ratiba.

Dar sasa, pale Nafasi Art Space, kituo cha sanaa Mikocheni, au vijana wa MuDa Africa, shule ya dansi ya kisasa, wakipanda jukwaani, ni kitu kingine kabisa, mchezaji anaweza kukaa kimya dakika nzima halafu bega moja tu linatembea na we kifua kinakubana kwa hisia, hakuna maneno lakini stori unaipata. Ukumbi mdogo, unasikia mpaka pumzi zao.

Me nasema Dar kwanza. Bagamoyo ni kama kilomita 70 tu mbele, ukibaki na hela unaunganisha.