Uzoefu wangu: Matembezi ya Mji Mkongwe na uongo kuhusu "Bohemian Rhapsody"

Ilikuwa baada ya Idi, wiki sikumbuki. Nilivuka Unguja na mtoto wa dada yangu, ana miaka 14 na anajifunza gitaa, tukalipia matembezi ya masaa matatu. Niseme haki: kijana aliyetutembeza anaijua milango. Alimshika mtoto mkono, akakipitisha kidole chake juu ya mnyororo uliochongwa kwenye fremu, akamweleza taratibu. Hapo moyoni nilishampa nyota nne.

Tukafika Shangani, kwenye nyumba wanayoionyesha kuwa ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, aliyetunga "Bohemian Rhapsody", wimbo wenye neno "Bismillah" ndani yake. Akanyoosha mkono kwenye roshani: "Bohemian Rhapsody aliitungia pale juu. Alisikia Bismillah msikitini, akakimbilia kalamu." Watu wakapiga picha. Nikauliza kwa upole, mwaka gani huo? Akanigeukia: "Dada, umekuja kutembea au kunifundisha kazi? Wageni wanataka hadithi." Wakacheka. Mtoto akainamisha kichwa.

Bado inanichoma. Freddie, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja 1946, sawa kabisa. Lakini familia yake iliondoka 1964 baada ya Mapinduzi, yeye akiwa na miaka 17, na wimbo umerekodiwa 1975! Aliutunga London, kwenye piano nyumbani kwake. Alimpigia prodyuza wao, Roy Thomas Baker, kile kipande cha mwanzo, akakatisha ghafla, akamwambia hapa sasa ndipo opera inapoingia. Wakaanza kurekodi kwenye studio ya Rockfield, kule Wales. Ile sehemu ya opera, yenye "Galileo", waliimba watatu tu, Freddie na wenzake wa bendi, Brian May na Roger Taylor, sauti juu ya sauti, takriban wiki tatu. Tepu ilipitishwa kwenye mashine mara nyingi hadi ikalika. May amesimulia kwamba ukiiinua kwenye mwanga, unaona upande wa pili.

Hadithi gani tena wanataka? Mtoto anayelia kila jioni kwamba nyuzi zinamuumiza vidole alistahili kusikia habari ya tepu ile. Akapewa roshani! Na hiyo Bismillah, hata mimi napenda kuamini Freddie alitoka nayo Unguja. Angesema hivyo tu, "huenda", ningempigia makofi.

Nilikaa kuandika nikiwa na nyota tatu, kwa ajili ya milango. Nimefika hapa namwona tena anavyocheka, na mtoto alivyoinama. Nampa moja. Asiyejua aseme sijui, na mteja akiuliza ajibiwe kwa adabu.

Kwenye boti ya kurudi Dar tuligawana spika za masikioni, sikio moja moja. Ilipoingia opera akanishika mkono: "Mamdogo, hawa kweli ni watatu?" Akairudisha mwanzo. Akairudisha tena.