Google Drive kwa vikundi vyetu vya Mwanza, ruhusa zinasomeka vizuri ila folda muwe nazo makini

Naandikia hasa makatibu na waweka hazina, wale wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, wa vikoba vya Ilemela na Nyamagana, na wenzetu wa Ukerewe mnaotumiana rejista ya michango kwa linki. Natunza ya kikundi chetu humo Drive, ile huduma ya Google ya kuweka mafaili mtandaoni, ina majina, namba za simu, nani kakopa na nani bado anadaiwa, kwahiyo nani anaona nini sio jambo dogo kabisa.

Mi naipenda. Unafungua faili unagusa kitufe cha kushea, hapohapo unaona watu wote na kila mtu uwezo wake, huyu wa kuangalia tu, huyu wa kukomenti, huyu wa kuediti, na mwenye faili anajulikana. Mwenyekiti wetu mtu mzima, mambo ya simu hayapendi sana, lakini hii kaielewa. Halafu ni bure, GB 15 unazigawana na Gmail na picha zako, kwa rejista zinatosha na kubaki.

Sasa chini ya ile orodha ndo pa kukazia macho. Kuna sehemu unachagua wanaingia uliowataja tu au anaingia yeyote mwenye linki. Ukiacha hiyo ya pili halafu linki ikatupwa kwenye grupu la WhatsApp basi haina mwenyewe tena, inaforwadiwa mpaka Sengerema huko na wewe humjui aliyefungua, asiyeingia na akaunti yake anatokea kwa jina la mnyama tu kule juu. Na memba akitoka kikundini ukamfuta kwenye orodha haijasaidia kitu kama linki bado iko wazi, maana anayo.

Folda nazo jamani!! Faili likiingia kwenye folda uliyoshea linarithi ruhusa za folda, yaani yule uliyempa folda aangalie picha za sherehe anaisoma na mikopo ya watu kama mmechanganya humohumo. Tenganisheni. Hizi ni taarifa za watu na nchi hii sheria ya kuzilinda ipo tangu 2022.

Nisichokipenda ni kwamba mwenye kuediti anaweza kuwashea wengine mpaka wewe mwenyewe uingie setingi, kile kigurudumu, utoe tiki, ilitakiwa iwe imezimwa toka mwanzo. Pia hakuna ukurasa mmoja wa kukuonyesha faili zako zote na wanaoziona, unafungua moja moja, na kumpa mkaguzi ruhusa yenye tarehe ya kuisha kwenye akaunti ya bure hamna.

Kuhakikisha ni rahisi, fungua linki kwenye dirisha fiche la Chrome ambako hujaingia akaunti yoyote. Ikikuomba uingie ujue imefungwa, ikifunguka moja kwa moja basi dunia nzima inaweza kusoma.

Nyota 4 naipa. Na mnaokaribia uchaguzi wa viongozi, faili likiwa la akaunti binafsi ya katibu anayeondoka basi ni lake, anaweza kulifuta, kwahiyo ahamishe umiliki kwa katibu mpya kabla ya makabidhiano na huyo mpya akubali kwenye imeili yake, asipokubali bado linabaki la yule wa zamani.