Gambuti za shilingi 950

Nilizinunua Jumatano moja ya Machi 2024, saa ya chakula cha mchana, katika duka dogo kando ya Landhies Road, mahali ambapo mapanga, karai na gambuti huning'inia juu ya mlango hata ukiingia unainama. Nyeusi, soli ya kijani, namba 7, urefu wa kufika chini kidogo ya goti. Muuzaji alianzia 1,200, tukavutana mpaka 950. "Siste, hizi ni za mvua. Hata ukiingia mtoni hulowi." Nilimuuliza kama ni mpira au plastiki. Akasema mpira, tena kwa sauti ya mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

Sasa mwaka umepita nimezivaa katika majira yote. Chapa yake siitaji, kwa kuwa nimeona gambuti kama hizi zikiwa na majina matatu tofauti, na nadhani mama yao ni mmoja.

Kwanza mjue anayesema ni nani. Mimi huandika risiti katika duka la vipuri vya magari Kirinyaga Road na ninaishi Githurai. Kila Jumamosi ya pili, saa kumi na mbili asubuhi, niko Nyamakima natafuta matatu ya kwenda upande wa Njabini, Kinangop Kusini, kwa mama. Tangu baba atutoke, ekari mbili na ng'ombe watatu vimebaki mikononi mwake pamoja na kijana mmoja wa kukama. Dukani huniita "mkulima wa simu", kwa sababu siku za kazi nalima kwa kupiga simu. Kabla ya hizi za 950 nilikuwa navaa gambuti za marehemu baba, namba 10, na soksi pea tatu. Kwa hiyo siku nilipozijaribu hizi mpya pale dukani na vidole vikagusa mbele, nilijiona nimefika.

Masika ndiyo yaliyonifanya nizipende. Mama huyaita njahi, kwa jina la zile mbegu nyeusi zenye mstari mweupe zinazopandwa wakati huo, na ana vipimo vyake. Mvua ya wiki ya kwanza haihesabu. Anasema hiyo ni ya kuosha mabati. Lakini mwaka 2024 mabati yalioshwa hadi tukachoka. Mtakumbuka mwisho wa Aprili, Mathare nyumba zilivyosombwa, na ile alfajiri ya Aprili 29 maji yalivyowamaliza watu Mai Mahiu, ng'ambo ya chini ya barabara tunayopita kwenda nyumbani. Wiki ile nilizivaa mjini. Nilitoka Githurai na viatu vya kazi ndani ya mfuko wa plastiki, maji yakinifika katikati ya muundi, na nikaingia dukani soksi zikiwa kavu kabisa. Mwenzangu aliyekuwa akiniuliza kila Ijumaa kama naenda kukama aliniomba nimvushie barabara mzigo wake. Nilimvushia. Sikusema neno.

Nyumbani ndiko kuna tope lenyewe. Udongo wetu ni mweusi, na ukishiba maji haunyonyi tena, unakaa hivyo hivyo kama uji uliosahauliwa jikoni. Ukikanyaga, unashika. Soli ya gambuti hizi ina meno mapana yanayoshika vizuri kwenye mteremko, hilo nalisifu, lakini meno hayo hayo hujaa, na baada ya hatua ishirini unabeba kilo moja ya shamba kila mguu. Siku moja nikipeleka maziwa kwa mchukuzi, ndoo mkono wa kulia, gambuti ya kushoto ilibaki nyuma. Mguu ulitoka mtupu kama njegere kwenye ganda, na kabla akili haijafika nilikuwa nimeshakanyaga kwa soksi. Nilisimama hapo, mguu mmoja kwenye gambuti na mwingine topeni, nikilinda ndoo. Maziwa hayakumwagika. Yalikuwa lita 9.

Na yote ilikuwa bure, kwa maana pikapu ya maziwa haikufika. Barabara ilikuwa imekatika mbele. Hicho ndicho kinachoniuma katika masika ya kwetu: nyasi tele, ng'ombe wanatoa hadi kijana analalamika vidole, na maziwa hayana pa kwenda. Tulikunywa, tukagandisha, tukawapa majirani ambao nao walikuwa wakitafuta wa kumpa. Ndama alinywa mpaka akaharisha. Jumapili nilirudi Nairobi, na pale Githurai nikanunua pakiti ya nusu lita ili nipike chai.

Kuhusu kuzivua: ni kazi ya watu wawili. Shingo ya kisigino ni nyembamba, na soksi ikiwa na unyevu gambuti inanyonya mguu. Mama hukaa kwenye kigoda, mimi naegemea nguzo ya mlango, yeye anashika kisigino na kuvuta, akisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kuhusu watu wanaonunua viatu vya kukazwa. Ukingo wa juu nao unachubua mashavu ya miguu. Kama una mguu mnene, usijaribu bila soksi ndefu. Na msiziache nje usiku. Niliziacha mara moja tu, asubuhi nikaingiza mguu nikakuta chura ametangulia.

Hadi mwisho wa Mei, basi, ningewaambia wote mkazinunue.

Halafu ikaja gathano, majira yetu ya baridi. Watu wa Nairobi hudhani baridi ni ile ya Julai ya kuvaa sweta mbili na kulalamika kwenye matatu. Kwetu ni zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, na kuna siku jua halionekani kabisa, ukungu unashuka milimani na kukaa juu ya kabichi kama umepanga chumba. Nguo hazikauki. Kuni zinatoa moshi badala ya moto. Lakini siwezi kudanganya, hayo ndiyo majira ninayoyapenda zaidi nikiwa jikoni. Viazi vya aina ya Shangi vinakuwa vimeanza kukomaa, mama anachomoa shina moja tu kupima, anaviosha, anavichemsha na maganda yake. Maganda yenyewe yanakuwa membamba hata ukisugua kwa kidole yanatoka. Chumvi kidogo, chai ya maziwa, miguu karibu na majivu.

Hapo karibu na majivu ndipo nilipouona ufa. Jumamosi ya pili ya Julai, gambuti ya kushoto, pale inapokunjwa ukipiga hatua, juu ya vidole: mstari mwembamba kama unywele. Nikaikunja kwa mkono, ukafunguka. Ndani nikaona kitambaa cheupe. Asubuhi ile nilikuwa nimezunguka na pampu ya dawa mgongoni, lita 20, kwa sababu baridi na unyevu wa namna hiyo huleta ugonjwa wa ukungu wa viazi, na ukichelewa wiki moja tu unaamka shamba linanuka kuoza. Nilidhani soksi imelowa jasho. Kumbe ni umande.

Fundi wa viatu pale Githurai hakuhitaji hata kuitoa kwenye mfuko. "Mama, hii ni plastiki, si mpira. Mpira ukiukunja kwa baridi unarudi. Plastiki inakauka, inakuwa kama ndoo ya zamani." Akaniuliza kama nakanyaga kwenye zizi. Nikamwambia ndiyo, kila siku nikiwa huko. Akaniuliza kama nazianika juani. Ndiyo. Karibu na moto? Nikanyamaza. Akapasha kisu, akakata kipande cha gambuti nyingine nzee, akachomelea. Shilingi 100. Kiraka kilikuwa kibaya kukitazama, lakini kilishika mpaka Oktoba, kwa hiyo fundi huyo nampa sifa kuliko kiwanda.

Nilirudi Landhies Road, tena nilikuwa na adabu. Muuzaji alinikumbuka, akaishika ile ya kushoto, akaigeuza, akasema mali ikishatoka haina kurudi. Nikamwambia alisema ni mpira. Akasema, "Ni mpira wa plastiki." Mpaka leo natafuta jibu la sentensi hiyo.

Agosti tukavuna. Gambuti hapa hazina neno, kwani ardhi inakuwa na unyevu wa kiasi na hakuna maji ya kuingia ufani. Ni nzito tu ukiwa umeinama kutwa nzima. Lenye neno ni gunia. Kanuni za mwaka 2019 zinasema viazi vipakiwe kilo 50, si zaidi, na kila mkulima wa Kinangop anaweza kukukariria hilo. Broka naye anakuja na gunia lenye kichwa cha wavu kilichoshonwa juu, lumbesa, anasema bei ni ya gunia. Ukikataa, anawasha lori. Na Shangi haina subira. Ikikaa ghalani wiki chache tu inaanza kuchipua, na broka anajua hesabu hiyo kuliko mimi ninayelipwa kufanya hesabu. Mama aliuza. Wiki hiyo nilipita sokoni Marikiti baada ya kazi, nikaona wabebaji wakishusha magunia kama yetu, nao wamevaa gambuti. Niliwatazama miguuni kuliko nilivyotazama viazi. Zao zilikuwa nene, zimefifia, na hakuna hata moja iliyokuwa na ufa. Nilimuuliza mmoja amenunua wapi. Akasema hizo ni za mpira, alizipata mtumba Gikomba, na ana mwaka wa tatu nazo.

Vuli ya mwaka huo ilikuwa ya kunyunyiza tu. Sina mengi ya kusema. Kiraka kilibanduka, fundi akarudishia kwa shilingi 50, tukapanda viazi vichache na minji upande wa chini karibu na kijito.

Januari ndiyo iliyozimaliza. Mwezi huo kwetu una sura mbili. Mchana jua ni kali, mbingu haina doa, na kilele cha Kinangop, kilichojificha tangu Juni, kinakaa pale wazi kana kwamba unaweza kukifikia kabla ya chai ya saa nne. Vumbi jekundu la barabarani linaingia mpaka kwenye sukari. Ndani ya gambuti mguu unapikwa. Ukizivua unatoa harufu ambayo mbwa wetu aliikimbia. Halafu usiku joto lote linapaa angani. Asubuhi moja ya mwezi huo niliamka nyasi zikiwa nyeupe. Umande ulikuwa umeganda. Nilitembea na kila hatua ilikuwa inalia, nyasi zinavunjika chini ya soli, na gambuti zenyewe zilikuwa ngumu kama mbao, hazikunjiki. Kwa dakika chache nilifurahi kama mtoto. Nikafika kwenye viazi vya kijitoni. Bado vilikuwa kijani, vimesimama wima, vimemeremeta. Mama alikuja nyuma yangu na kanga mabegani, akavitazama, akasema, "Subiri jua." Kufikia saa sita mchana majani yote yalikuwa meusi, yamelala, kama yamemwagiwa maji ya moto. Minji ilipona nusu.

Siku hiyo hiyo ufa wa kushoto ulivuka kiraka ukapanda hadi kwenye kifundo.

Hukumu yangu, kwa anayetaka kutumia pesa: kama unaishi Nairobi na shida yako ni kutoka kwenye ploti hadi stejini wakati wa mafuriko, zichukue, 950 ni halali, na usikubali kufika 1,200. Kama una shamba mahali pa joto la wastani na huna ng'ombe, huenda zikakupa mwaka na zaidi. Ila kama unapanda kwenda Kinangop, Limuru au popote penye baridi, tafuta za mpira halisi, hata za mtumba, na dukani usiulize, ikunje. Ishike vidoleni na kisigino uikunje kwa nguvu. Ikirudi polepole bila kuacha alama nyeupe, lipa. Chukua namba moja zaidi ya mguu wako, kwa ajili ya soksi na kwa ajili ya mgongo wa atakayekuvua. Zizi likikuchafulia, osha kwa maji siku hiyo hiyo, anika kivulini, na karibu na moto peleka miguu peke yake. Hayo ya mwisho ni makosa yangu, siwezi kumtwika mtengenezaji.

Mimi nimehamia mtumba wa Gikomba, 1,500. Ya kushoto ya zamani mama aliikata kwa kisu cha nyasi: shingo yake imekuwa bawaba za mlango wa banda la kuku, na sehemu ya chini anaivaa kuteka maji. Ya kulia ni nzima kabisa, haina hata mkwaruzo, namba 7, soli ya kijani. Mwenye ya kushoto iliyopona anikute Nyamakima Jumamosi asubuhi, tutaelewana bei.